Nyigu wa Mahindi: Mlinzi Anayesagwa kwa Kidole

NDUGU msomaji, ukipata nafasi ya kufika Berega wakati mahindi yamefika kiunoni, usiishie kuyatazama kutoka barabarani. Berega ni mahali pa Ukaguru, wilayani Kilosa, chini ya milima na si mbali na barabara kuu itokayo Morogoro kwenda Dodoma. Watu wengi wasio wenyeji hupajua kwa ajili ya hospitali yake ya misheni. Lakini mwenyeji wa hapo, kama alivyo jirani yake wa Gairo, kwanza ni mkulima, na chakula chake kwanza ni mahindi. Basi omba ruhusa ya mwenye shamba, uingie. Tafuta mmea ambao jani lake la katikati limenyauka ilhali mengine yangali mabichi, au ambao bua lake lina tundu dogo linalotoa unga mithili ya vumbi la msumeno. Azima kisu, ulipasue bua hilo kwa urefu.

Mara nyingi utamkuta humo kiwavi mnene, mwenye madoadoa mgongoni, akiendelea na shughuli zake bila haya. Lakini mara mojamoja utakuta jambo jingine. Kiwavi amelegea, ngozi imemsinyaa, na kando yake limelala rundo la vitu vyeupe, vidogo kuliko punje za mchele, vimeshikamana kwa nyuzi laini kama pamba. Wengi wakiviona huvisaga kwa kidole papo hapo, wakidhani kuwa ni mayai ya yule mharibifu.

Si mayai. Nondo hatagi ndani ya bua, na mayai yake hayafanani na pamba. Kila kitu kimoja cheupe ni kifukofuko, na ndani ya kila kifukofuko amelala nyigu mmoja akingoja kupata mbawa. Aliyevisaga amewaua walinzi thelathini au arobaini wa shamba lake mwenyewe.

Nyigu huyo ndiye tunayetaka kumzungumzia leo. Hana jina la kwake katika Kiswahili cha kila siku, kwa sababu ni mdogo mno kuvuta macho ya mtu. Wataalamu huiita jenasi yake Cotesia. Zimekwisha kuelezwa spishi zake zaidi ya mia tatu duniani kote, na kila moja ina viwavi wake inaowawinda. Katika mahindi na mtama wa Afrika Mashariki wawili ndio wanaotuhusu zaidi: Cotesia sesamiae, ambaye ni mwenyeji wa bara letu, na Cotesia flavipes, ambaye ni mgeni kutoka Asia. Tutaeleza alivyofika. Msomaji mwenye vitabu vya zamani atawakuta humo kwa jina la Apanteles; jina hilo lilibadilishwa mwaka 1981, wataalamu walipoigawa upya jamaa hiyo kubwa ya nyigu.

ADUI ALIYE NDANI YA BUA

Haifai kumsifu mlinzi kabla ya kumjua mwizi. Bwana shamba humwita bungua. Mkulima humwita funza tu, na yatosha. Wapo wa aina kadhaa. Yule anayependa nchi ya joto na ya wastani anaitwa Chilo partellus. Yule anayependa nchi za juu zenye baridi, Busseola fusca, ni Mwafrika wa asili. Wa tatu, Sesamia calamistis, naye ni wa kwetu.

Mama yao ni nondo wa rangi ya majani makavu, arukaye usiku. Nondo wa Chilo huyapanga mayai yake juu ya jani, moja likilalia jingine kama magamba ya samaki. Baada ya siku chache hutoka viwavi wadogo kama ncha ya sindano, nao hupanda hadi kwenye moyo wa mmea, pale majani machanga yanapojiviringa, wakaanza kula. Jani linapokuja kufunguka huonekana lina safu za matundu, kana kwamba mtu amelikunja akalitoboa kwa msumari. Hapo hali bado inaweza kuokolewa. Wakishapata nguvu, viwavi hao hutoboa bua na kuingia ndani, na kuanzia siku hiyo wamejifungia mlango. Jua haliwapati, ndege hawaoni, na mvua haiwaoshi.

Hasara ya wizi huo si ya kubahatisha. Nchini Kenya, ambako ilipimwa katika mashamba ya wakulima wa kanda mbalimbali, ilionekana kuwa bungua huchukua wastani wa karibu asilimia 13 ya mahindi. Kwa lugha ya ghalani, ni karibu gunia moja katika kila magunia manane. Mwenye shamba kubwa la biashara aweza kuliandika hilo katika daftari la hasara, akaendelea na mambo yake. Kwa familia inayovuna magunia manane kwa mwaka na kuyala yote, gunia moja lililopotea ni wiki kadhaa za ugali, na aghalabu ni zile wiki za mwishoni, kabla ya mavuno mapya, wakati bei ya mahindi sokoni imepanda na watoto wanatakiwa shuleni.

UMBO LA MWINDAJI

Sasa tumtazame nyigu mwenyewe. Urefu wake ni milimita mbili hadi tatu, yaani anaweza kutembea juu ya herufi za gazeti hili bila kuzifunika nyingi. Mwili ni mweusi na miguu ina rangi ya manjano. Neno flavipes kwa Kilatini lina maana ya mwenye miguu ya manjano, na ndilo jina alilopewa na Mwingereza Peter Cameron mwaka 1891. Ana macho makubwa mawili ubavuni mwa kichwa, na mengine madogo matatu utosini. Ana mbawa nne. Za nyuma hushikamana na za mbele kwa kulabu ndogo sana, hata arukapo zinapiga kama jozi moja. Kiuno chake ni chembamba, kama cha nyigu wote wa ukoo wake.

Hayo ni ya kawaida. Yasiyo ya kawaida ni mambo matatu, na yote yanatokana na kazi anayoifanya.

La kwanza ni papasi zake. Kila moja ina pingili kumi na nane, na kwa jike wa spishi hizi mbili ni fupi kuliko za dume. La pili ni kifua chake. Ukimtazama ubavuni kwa kioo cha kukuzia utaona kwamba amebanwa juu na chini, kana kwamba alikanyagwa akiwa bado laini. Mdudu mwenye papasi ndefu na kifua cha mviringo asingeweza kupenya katika handaki lililochimbwa na kiwavi ndani ya bua. Huyu hupenya. Hutambaa gizani, akipita juu ya kinyesi cha kiwavi, mpaka amfikie mwenye nyumba.

La tatu ni sindano yake ya kutagia mayai. Ni fupi. Wapo nyigu wengine wenye sindano ndefu kuliko miili yao, ambao husimama nje ya bua kwa usalama na kumchoma kiwavi kupitia katika ganda la mmea. Cotesia hakupewa silaha hiyo. Hana budi kuingia ndani na kumgusa adui kwa mwili wake. Na kwa kuwa twazungumza habari za sindano, mama mwenye watoto wanaocheza shambani asiwe na wasiwasi: huyu si yule nyigu ajengaye darini na kumfanya mtu avimbe uso. Hana habari na binadamu.

Kuingia huko ndani ni hatari kwelikweli. Kiwavi hakubali kufa kikondoo. Hugeuka, akang'ata, na kumtemea mshambuliaji mate. Wachunguzi waliomfuatilia Cotesia flavipes ndani ya mabua waligundua kwamba katika kila mashambulizi mia moja, nyigu 30 hadi 40 hufia humohumo. Fikiri, ndugu msomaji, juu ya askari ambaye theluthi ya wenzake hawarudi kutoka katika pambano moja. Ndiyo sababu maumbile hayakumzoesha kuweka akiba. Jike huwa na mayai yapatayo 150, na akimpata kiwavi humwekea thelathini au arobaini kwa mpigo mmoja, kwa sekunde chache tu. Akifanikiwa mara nne, hazina imekwisha. Na muda wenyewe ni mfupi: nyigu mkubwa huishi siku chache tu, na asipopata kitu kitamu cha kunywa, kama maji ya maua, siku mbili humtosha kumaliza maisha yake.

Anawezaje basi, katika muda huo, kukipata kiwavi kilichofichika ndani ya bua moja katika shamba lenye maelfu ya mabua?

Hunusa. Lakini asemaye hunusa kiwavi anasema nusu ya habari. Kiwavi hana faida yoyote ya kutoa harufu. Angeweza angejificha kabisa. Mwenye kutoa harufu ni mhindi wenyewe. Mmea ukitafunwa hubadili hewa inayotoka katika majani yake, na harufu hiyo mpya husafiri na upepo. Nyigu akiipata huifuata mpaka kwenye mmea, akatua, akaanza kutembea akipapasa kwa papasi zake mpaka agundue kinyesi cha kiwavi mlangoni mwa tundu. Hapo hana shaka tena. Kwa maneno mengine, mmea ulioingiliwa na mwizi hupiga yowe, na mgambo huitika.

Jambo lililowashangaza hata wataalamu lilichapishwa mwaka 2011. Watafiti waliokuwa wakifanya kazi na Kituo cha Kimataifa cha Fiziolojia na Ikolojia ya Wadudu, ICIPE, kilichopo Nairobi, waliona kuwa baadhi ya mbegu za kienyeji za mahindi kutoka Amerika ya Kilatini hazingoji hata kutafunwa. Nondo akitaga tu juu ya jani, mmea huanza kutoa harufu ya kuwaita nyigu, wakiwamo Cotesia. Mbegu chotara za kibiashara zilizojaribiwa pamoja nazo hazikufanya hivyo. Wafugaji wa mbegu walitafuta punje nyingi na bua fupi, wakavipata. Hakuna aliyewaambia wachunge sauti ya mmea. Si neno dhidi ya mbegu bora, ambazo zimewashibisha wengi, na Kilosa yenyewe, kwa kituo chake cha utafiti cha Ilonga, imelipatia Taifa baadhi ya mbegu hizo. Lakini bibi ambaye bado anatundika magunzi ya mbegu yake ya zamani juu ya moshi wa jiko asichekwe. Huenda ametunza kitu ambacho maabara ndiyo kwanza zinakitafuta.

VITA YA NDANI YA MWILI

Tuseme nyigu amefanikiwa na ametoka hai. Mayai yake sasa yamo ndani ya mwili wa kiwavi, yakiogelea katika damu yake. Damu hiyo si nyekundu kama yetu, lakini nayo ina askari wake: seli ambazo kazi yake ni kukizingira kila kigeni kinachoingia, kukifunika kwa tabaka juu ya tabaka, mpaka kife kwa kukosa hewa. Kwa haki yote mayai yale yangekufa siku hiyohiyo.

Hayafi, kwa sababu nyigu hakuingiza mayai peke yake. Pamoja nayo alimimina chembe ndogo mno za virusi, zinazotengenezwa ndani ya kizazi cha jike. Virusi hivyo havimsumbui nyigu hata kidogo. Vimo katika urithi wake, mama humpa binti, na wataalamu wanakadiria kuwa ndoa hiyo ya nyigu na kirusi imedumu kwa miaka ipatayo milioni 100. Vikiingia katika mwili wa kiwavi huziendea zile seli za ulinzi na kuzilemaza. Kiwavi hubaki hai, akila na kutembea, lakini kinga yake imevunjwa.

Mayai huanguliwa baada ya siku tatu hivi. Mabuu hunywa damu ya mwenyeji wao bila kuvigusa viungo ambavyo vikiguswa atakufa mapema. Maana akifa leo, nao wamekufa. Baada ya kiasi cha wiki mbili hutoboa ngozi wote karibu kwa wakati mmoja, wakatoka nje, na kila mmoja akajisokotea kifukofuko chake cha hariri. Hilo ndilo rundo jeupe tuliloliona. Siku tano hadi saba baadaye nyigu wapya hutoka, wakapandana papo hapo karibu na tundu, na majike huondoka kwenda kutafuta harufu. Jike aliyepandwa huweza kuzaa wa kike na wa kiume, kwa kuwa yai lililorutubishwa huwa jike na lisilorutubishwa huwa dume. Asiyepandwa hazai ila madume.

Hapa ndipo tofauti ilipo kati ya nyigu huyu na kupe au chawa. Kupe hana haja ya kumwua ng'ombe. Humnyonya, akashiba, akaanguka. Nyigu hawezi kumaliza ukuaji wake bila kumwua mwenyeji wake. Na ndiyo sababu anafaa kwa mkulima.

Hata hivyo, si kila ufunguo hufungua kila kufuli. Katika miaka ya 1990 watafiti wa ICIPE walimchukua Cotesia sesamiae wa pwani ya Kenya, kutoka Mombasa, wakampa yule kiwavi wa nchi za baridi, Busseola fusca. Nyigu alitaga vizuri kabisa. Lakini mayai yote yalizingirwa na kufa. Wakamchukua nyigu wa jina lilelile kutoka Kitale, kwenye nyanda za juu, wakampa kiwavi yuleyule. Mayai yalikua. Kwa macho huwezi kuwatofautisha nyigu hao wawili. Tofauti imo katika urithi wa vile virusi wanavyovibeba. Kila ukoo umejifunza, kwa vizazi visivyohesabika, kuvunja kinga ya viwavi wa kwao.

Kwa mkulima wa Ukaguru, ambaye shamba lake la bondeni na la ndugu yake wa mlimani hutenganishwa na mwinuko wa mamia ya mita, habari hii si ya maabara tu. Nyigu aliye mzuri bondeni aweza kuwa hana msaada mlimani. Mwaka 2017 wataalamu walikwenda mbele zaidi, wakatangaza kwamba ukoo mmoja uliokuwa ukihesabiwa kuwa Cotesia sesamiae ni spishi ya pekee kabisa. Wakaupa jina la Cotesia typhae. Watafiti wa Ufaransa tayari wamemchunguza kama silaha ya kumpiga kiwavi anayeharibu mahindi ya huko kwao. Tumezoea kuona wataalamu wa mambo ya mashamba wakija Afrika kutoka Ulaya. Safari hii anayetakiwa huko ni nyigu wa Afrika Mashariki.

MGENI KWA MGENI

Yule Chilo partellus hakuzaliwa kwetu. Ni wa Asia. Katika Afrika aliandikwa kwa mara ya kwanza nchini Malawi mwaka 1930, na miaka ishirini hivi baadaye akajulikana Tanganyika. Miongoni mwa taarifa za mwanzo kumhusu hapa nchini ni uchunguzi wa bungua wa nafaka uliofanyika Kongwa kati ya mwaka 1950 na 1952. Msomaji wa Berega anaijua Kongwa, kwani ni majirani wa upande wa magharibi. Wakati ule Kongwa ilikuwa ikisifika, au tuseme ikidhihakiwa, kwa ajili ya ule mpango wa Waingereza wa karanga ulioanza mwaka 1947 na kufa mwaka 1951. Karanga hazikupatikana. Funza alibaki.

Alibaki kwa raha, kwa kuwa nyigu aliyemzoea alimwacha Asia. Nyigu wa kwetu, Cotesia sesamiae, alimjaribu na humshambulia hata leo, lakini peke yake hakutosha kumzuia kuenea. Kati ya mwaka 1968 na 1972 yalifanyika majaribio ya kuwaleta Afrika Mashariki nyigu wa kigeni wa aina mbalimbali, akiwamo Cotesia flavipes. Wakaachiwa mashambani. Wakapotea wote.

Wengi wangeishia hapo, lakini ICIPE, iliyoanzishwa mwaka 1970 na mwanasayansi wa Kenya, Profesa Thomas Odhiambo, iliamua kujaribu tena. Mwaka 1991 Cotesia flavipes aliletwa kutoka Pakistani, akazalishwa kwa uangalifu, na mwaka 1993 akaachiwa katika mashamba ya pwani ya Kenya. Safari hii alishika mizizi. Mwanzoni alionekana mmoja hapa na mmoja pale, hata ikadhaniwa kuwa yaleyale ya zamani yanajirudia. Miaka michache baadaye akawa amejaa. Hesabu zilizofanywa baadaye zilionyesha kwamba huko pwani idadi ya Chilo partellus ilishuka kwa zaidi ya nusu. Katika miaka hiyohiyo ya 1990 nyigu huyo alikutwa kaskazini mwa Tanzania, ameweka makao.

Kumbuka kwamba hakuna mkulima aliyenunua nyigu hata mmoja. Hakuna aliyejaza fomu, wala aliyesimama foleni ya vocha ya pembejeo. Kwa maoni yangu hii ndiyo sababu mojawapo inayofanya kazi hii isisikike: kitu ambacho hakiuzwi hakina mtu wa kukitangaza.

DAWA YA UNGA NA SAA YAKE

Tukirudi shambani, liko jambo ambalo kila nyumba inaweza kulifanya, nalo linahusu saa ya kutia dawa. Wakulima wengi hutumia ile dawa ya unga au ya chembechembe, wakiidondosha kwa ncha za vidole katika moyo wa mmea. Ikitiwa mapema, wakati viwavi wadogo wangali majanini, huwaua. Lakini wengi hungoja mpaka waone bua limetoboka na jani la katikati limekauka, ndipo wakimbilie dukani. Wakati huo kiwavi yuko ndani, nyuma ya mlango, na dawa haimfikii. Anayefikiwa ni nyigu anayetembea juu ya majani akiutafuta mlango huo. Basi fedha imetoka, mwizi amesalimika, na mgambo amekufa. Kagua mimea wiki mbili au tatu baada ya kuota, jani kwa jani. Ukiona zile safu za matundu, fanya uamuzi siku hiyo. Ukishaona vumbi la msumeno, iache dawa dukani.

Jambo la pili ni mabua baada ya mavuno. Viwavi wengi hulala humo kiangazi chote wakingoja mvua. Mabua yanayosimikwa kuwa ua au kuegemezwa ukutani huwahifadhi vizuri sana. Yakilazwa chini, yakatandazwa juani kwa wiki nne hivi, viwavi wengi hufa kwa joto, na baada ya hapo mabua yanafaa kwa ua au kwa kuni bila madhara.

La tatu ni majani ya kando. Mtama mwitu, matete na mabingobingo ya kando ya mito huwa na viwavi wachache wa bua hata mahindi yakiwa yamekwisha, na viwavi hao ndio akiba ya nyigu mpaka msimu ujao. Anayefyeka na kuchoma kila kitu mpaka ukingoni mwa maji, ati asafishe, anawafukuza walinzi. Huko Mbita, kando ya Ziwa Viktoria, watafiti wa ICIPE pamoja na wenzao wa Uingereza walilifanya jambo hili kuwa utaratibu wa kilimo. Wakulima hupanda mabingobingo kuzunguka shamba ili kumvuta nondo akatage huko, na katikati ya mahindi hupanda mmea unaotambaa uitwao desmodiamu, ambao harufu yake humsukuma. Wameupa jina la vuta-sukuma. Mwaka 1997 walieleza pia kwamba nyasi za molasi, zile zinazonata zenye harufu kama ya sukari guru, zikipandwa kati ya mahindi huwafukuza nondo na wakati huohuo huwaita Cotesia. Mabingobingo na desmodiamu ni chakula kizuri cha mbuzi na ng'ombe, kwa hiyo eneo hilo la shamba halipotei bure.

Tangu mwaka 2017 ameongezeka adui mpya nchini, viwavijeshi vamizi kutoka Amerika, na kelele za dawa zimekuwa kubwa kuliko wakati wowote. Hata hapo jamaa ya Cotesia haikukaa kimya. Spishi iliyotangazwa mwaka huohuo wa 2017 na kuitwa Cotesia icipe, kwa heshima ya kituo kile, ilikutwa muda mfupi baadaye nchini Ethiopia ikiwashambulia viwavijeshi hao, na katika baadhi ya mashamba theluthi moja au zaidi ya viwavi walikuwa naye ndani. Hakuna aliyemleta kwa ajili hiyo. Alimkuta mgeni mlangoni, akamjaribu.

Kama unao watoto wa shule nyumbani, lifanyeni hili pamoja. Mkikuta rundo jeupe ndani ya bua, likateni pamoja na kipande cha bua chenyewe, mkalitie katika chupa safi ya kioo. Fungeni mdomo wa chupa kwa kitambaa chepesi na mpira, muiweke kivulini mbali na sisimizi. Tazameni kila asubuhi. Katika wiki moja hivi mtaona kitu cheusi kikitembea juu ya kioo, miguu ya manjano, kisha kingine, kisha wengi. Ipelekeni chupa shambani kabla jua halijawa kali, mfungue kitambaa.

Lakini watazameni vizuri kwanza. Mara nyingine wanaotoka si hao, bali nyigu wadogo zaidi, wa umbo jingine, nao ni wachache kuliko vifukofuko. Hao hutaga mayai yao ndani ya vifukofuko vya Cotesia na kumla mlinzi akiwa usingizini, kama yeye alivyomla kiwavi, na kiwavi alivyokula mahindi. Mkiwapata hao, ifungeni tena chupa.